Viunzi Visivyoanguka

Ukitaja riadha mjini Tororo, mtu atakuonyesha mlima. Hata siku ya mawingu, Elgon ukiwa hauonekani kabisa, kidole chake kitaelekea kaskazini na atakwambia mbio ni za wale wa huko juu, Wasebei na Wasabaoti; sisi wa tambarare tumejaliwa baiskeli. Busia nako ni hivyo hivyo, pande zote mbili. Nimefundisha shule za msingi upande wa Tororo mpaka nikastaafu. Kipindi cha michezo kilikuwa mikononi mwangu kwa kuwa walimu wanaume hawakukitaka, na kila nilipoomba nauli ya kuwapeleka wasichana mashindanoni nilijibiwa kwa mlima. "Mwalimu, hawa watashindana na nani? Wa Kapchorwa wamezaliwa wakikimbia."

Mlima mimi siukatai. Kapchorwa iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Eldoret kama 2,100, na mtu aliyekulia kwenye hewa nyembamba kama ile ana damu inayobeba pumzi nyingi kuliko yangu. Tororo hatufiki hata 1,300. Ila bingwa wa kwanza wa Uganda katika mashindano ya dunia ya riadha, mashindano yaliyoanza 1983 hapo hapo Helsinki alipokuja kushindia yeye, hakushuka kutoka mlima wowote. Alitoka Vurra, Arua, Nile Magharibi, penye jua na mwinuko wa kama mita 1,200, sawasawa na kwetu. Tena alikuwa msichana. Ni Dorcus Inzikuru, na tangu 2005 safari yake ndiyo ushahidi ninaoutoa kila ninapoonyeshwa mlima.

Kwanza niseme ninakotoka. Nilizaliwa Samia, upande wa Kenya, nikaolewa upande wa Uganda, kwa hiyo mpaka huu umekata ukoo wangu vipande viwili kama ulivyokata koo nyingi za Wasamia, Wateso na watu wa Elgon. Kabla ya 1902 hapakuwa na upande wa pili. Nchi yote kutoka hapa hadi Naivasha ilihesabiwa kuwa Uganda, mpaka tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza walipoukata Mkoa wa Mashariki wakaupeleka kwenye himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka 1926 mstari ukaandikwa rasmi. Reli ikafuata: ilitoka Nakuru, ikapitia Eldoret, ikaingia Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920 na kufika Kampala 1931. Tangu hapo Tororo na Eldoret ni majirani wa njia moja, na vijana wa Uganda walipoanza kufuata mbio Kenya, wengi walipita kwenye mlango huu wetu wa Malaba. Stephen Kiprotich ni mmoja wa waliohamia Eldoret kujinoa. Mwaka 2012 alishinda marathon ya Olimpiki London, Uganda ikapata dhahabu yake ya kwanza tangu ile ya John Akii-Bua kule Munich 1972.

Wanawake wa mpakani walikwenda masafa marefu kabla hajatokea mtu wa kuwapimia muda. Wakati wa Idi Amin, sukari, sabuni na chumvi vilipotoweka madukani Uganda, vitu vilivuka kwa njia za panya, na vingi vilivuka juu ya vichwa vya wanawake. Huko mlimani ilikuwa kahawa. Mwaka 1976 na 1977, bei ya dunia ilipopanda, kahawa ya Uganda iliteremshwa kwa punda na kwa migongo ya watu hadi Chepkube, upande wa Kenya, soko la vichakani ambalo kwa msimu mmoja au miwili liliwatajirisha watu waliokuwa hawajawahi kushika noti ya shilingi mia. Kwetu Busia mizigo ilikuwa midogo, lakini askari walikuwa na bunduki zile zile. Nilikuwa na shangazi aliyefanya kazi hiyo. Alikuwa mrefu, mkavu, na alijua kupanda kilima na debe kichwani bila kuhema. Alipokuwa akikimbia doria hakutupa mzigo. Hakuna aliyemwita mwanariadha. Waliomwonea wivu walimwita mtu wa magendo na waliomhitaji walimwita mama. Baiskeli za kubeba abiria kutoka kizuizi hadi kizuizi, hizi ambazo leo Afrika Mashariki yote inaziita boda boda, zilianza hapa hapa mpakani, na waliozipanda kwa biashara walikuwa wanaume. Wanawake walitembea.

Shuleni tulikimbia pekupeku kwenye uwanja wa murramu, njia zikichorwa kwa majivu ya jikoni. Nilikuwa msichana mkubwa redio ilipotangaza, mwanzoni mwa 1974, kwamba Sabina Chebichi wa Trans Nzoia amepata shaba ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch. Hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa amepata medali katika michezo ile kabla yake. Miaka minne nyuma, Edinburgh, Judith Ayaa wa Uganda alikuwa amechukua shaba ya mita 400. Wavulana walikuwa na Kipchoge Keino na Akii-Bua. Mimi nilikuwa na hao wawili, mmoja kwa kila nchi yangu.

Lakini angalia mbio zenyewe: mita 400, mita 800. Mbio ndefu kwa mwanamke zilikuwa zimefungwa kwa kufuli na wazee wa Ulaya. Mwaka 1928 huko Amsterdam wanawake waliruhusiwa mita 800, magazeti yakaandika kwamba wameanguka ovyo kwa uchovu, na mbio hiyo ikaondolewa kwenye Olimpiki hadi 1960. Mita 1,500 walipewa 1972, marathon 1984, mita 10,000 mwaka 1988, mita 5,000 mwaka 1996. Ile ya kuruka viunzi na maji walingoja hadi 2008. Mama mkwe wangu alizaliwa Majanji, ziwani, na ujana wake alikuwa akibeba samaki wakavu hadi Busia kwa miguu. Nilipomsimulia habari hizi aliniuliza swali moja tu: hao wazee wake zao walikuwa wakichota maji wapi?

Sasa nije kwa Inzikuru.

Alizaliwa Februari 1982. Mwaka 2000, akiwa na miaka 18, alikwenda Santiago, Chile, kwenye mashindano ya dunia ya vijana, akashinda mita 5,000. Hapa Tororo habari hiyo ilipita kimya kimya. Nadhani hata magazetini haikupewa nafasi kubwa kuliko matokeo ya mpira. Msichana wa Arua ameshinda Chile, basi. Baada ya hapo akageukia viunzi na maji, na huu ndio uamuzi ninaousifu kuliko yote, uwe ulikuwa wake au wa waliomshauri.

Kwa asiyeijua, mbio hii ni mita 3,000, mizunguko saba na kitu. Mkimbiaji anaruka viunzi 28 vya kawaida na mara saba anaruka kiunzi chenye kidimbwi cha maji mbele yake. Kwa wanawake kiunzi kina sentimita 76.2, kwa wanaume 91.4. Viunzi vya mbio fupi ukivigusa vinaanguka, unaendelea na safari. Hivi ni boriti nzito. Ukivigonga unaanguka wewe. Mtu anaweza kukanyaga juu yake na kujisukuma, na kwenye maji karibu wote hukanyaga, kwa sababu kidimbwi kina urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu na upande wa mbali ndio wenye kina kifupi. Anayeruka vibaya anatoka na viatu vilivyojaa maji na pumzi iliyokatika.

Mwaka 2005 mashindano ya dunia ya Helsinki yaliiweka mbio hiyo kwa wanawake kwa mara ya kwanza. Mbio mpya haina foleni. Katika mita 5,000 na 10,000 Inzikuru angekuta Wahabeshi na Wakenya wamejipanga miaka kumi mbele yake; hapa kila mtu alikuwa mgeni. Juni mwaka ule, Athens, alikuwa amekimbia dakika 9 sekunde 15.04, na huo umebaki muda wake bora maishani. Tarehe 8 Agosti, fainali ya Helsinki, alimaliza kwa 9:18.24. Yekaterina Volkova wa Urusi alikuwa nyuma yake kwa sekunde mbili na ushee, na Jeruto Kiptum wa Kenya wa tatu, sekunde nane na zaidi. Saa ya Finland wakati wa kiangazi ni saa yetu hii hii ya Tororo, kwa hiyo hatukukesha. Tulisikia redioni kama watu wanaosikia habari ya wilaya jirani. Davis Kamoga alikuwa ameipa Uganda fedha ya mita 400 mwaka 1997. Dhahabu ya dunia ilikuwa hii ya kwanza.

Wiki iliyofuata nilitafuta magogo mawili ya mkaratusi, nikayaweka juu ya mawe, nikayapima kwa futi ya fundi cherehani mpaka yakakaribia zile sentimita 76. Shimo la maji halikuhitaji kuchimbwa. Uwanja wa shule yetu ulikuwa na dimbwi lake la msimu wa mvua. Wasichana walilipenda sana jambo hili, kwa sababu kwa mara ya kwanza kulikuwa na mbio ambayo mjanja anaweza kumshinda mwenye kasi. Mzazi mmoja alikuja kuniuliza kwa heshima zote: "Mwalimu, msichana akirukaruka hivi, atazaa?" Nikamjibu kwamba mimi nilikimbia na nimezaa, na mama yake aliyembeba yeye tumboni alikuwa akivuka mto Malaba na mzigo wa mihogo. Alicheka. Lakini muhula uliofuata binti yake hakuwa tena kwenye kipindi changu.

Machi 2006 Inzikuru alishinda tena, Melbourne, Michezo ya Jumuiya ya Madola, kwa 9:19.51, mbele ya Waaustralia wawili waliokuwa nyumbani kwao. Alikuwa na miaka 24. Kwa mkimbiaji wa masafa hiyo ni asubuhi.

Na hapo ndipo jua lilipopanda likakwama. Alipata mtoto, akatoka mashindanoni, na kurudi kukawa kugumu. Olimpiki ya Beijing 2008, ya kwanza kuwa na viunzi na maji vya wanawake, mbio ambayo ungedhani iliwekwa kwa ajili yake, ilikimbiwa yeye hayupo. Gulnara Galkina wa Urusi alishinda kwa 8:58.81, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika tisa. Inzikuru alijaribu kurudi miaka iliyofuata, ila medali nyingine ya dunia hakuipata. Sokoni nilisikia maneno mengi juu yake ambayo siyaweki hapa. Mwanamke akiacha kushinda, kila mtu ana tabibu wake na hakimu wake.

Ninachokiona mimi ni hiki. Mwanaume mkimbiaji akipata mtoto, anapata jina la baba na asubuhi yake anakwenda mazoezini. Mwanamke anatoa mwaka mmoja au miwili ya mwili wake, na swali ni nani anamlipia miaka hiyo. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua 2018, akiwa tayari bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500. Alirudi akashinda tena Tokyo, kisha Paris, dhahabu tatu mfululizo. Je, Kipyegon ana mwili wa ajabu? Ndiyo, anao. Lakini pia alikuwa na kambi ya kurudi, kocha aliyemngoja, na nchi iliyozoea kuwaona kina mama wakirudi. Mwaka 2007 Uganda haikuwa na mazoea hayo. Inzikuru alikuwa wa kwanza, na wa kwanza huwa hana wa kumuuliza njia.

Kabla sijaenda mbele, niruhusu nijivune kidogo, kwa kuwa mpakani tunaishi kwa kutaniana. Nina binamu upande wa Kenya, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, ambaye hawezi kuona viunzi na maji kwenye televisheni asiseme, "Dada, hiyo ni mbio yetu." Ni kweli kwa wanaume. Tangu Amos Biwott mwaka 1968 hadi Conseslus Kipruto mwaka 2016, kila Olimpiki ambayo Kenya ilihudhuria, dhahabu hiyo ilikuwa yao. Ni Soufiane El Bakkali wa Morocco aliyewapokonya Tokyo. Kwa wanawake mambo ni mengine. Ubingwa wa dunia Kenya waliupata kwa mara ya kwanza 2013, Moscow, kwa Milcah Chemos, miaka minane baada ya binti wa Arua. Rekodi ya dunia wanayo, Beatrice Chepkoech, 8:44.32, Monaco 2018. Dhahabu ya Olimpiki hawajaipata hata moja. Rio aliichukua Ruth Jebet na Paris akaichukua Winfred Yavi, wote wamezaliwa Kenya na wote wakakimbia na jezi ya Bahrain. Katikati yao, Tokyo, iko yetu. Binamu akifika hapo hutafuta mteja wa kumhudumia.

Hiyo ya Tokyo ni ya Peruth Chemutai. Huyu ni wa mlimani kweli, amezaliwa Bukwo mwaka 1999. Bukwo ni Uganda ya mwisho kabisa, iliyojibana kati ya Elgon na mto Suam. Kabla lami haijaanza kuwekwa, wakati wa mvua, wengi walioshuka mjini walivuka kwanza Kenya, wakapita Kitale, ndipo wakarudi Uganda kwa Lwakhakha au Malaba, kwenda kuhudumiwa na serikali yao wenyewe. Chemutai alikwenda Olimpiki ya Rio akiwa na miaka 17. Mwaka 2018 alipata fedha ya dunia ya vijana huko Tampere, nyuma ya Celliphine Chespol wa Kenya. Tarehe 4 Agosti 2021, saa nane mchana kwetu, alisimama kwenye fainali ya Tokyo. Courtney Frerichs wa Marekani alichomoka mapema akaacha kundi. Chemutai ndiye aliyekataa kumwacha aende. Mzunguko wa mwisho alimfikia, akampita, akamaliza kwa 9:01.45. Hyvin Kiyeng wa Kenya akawa wa tatu. Hakuna mwanamke wa Uganda aliyewahi kupata medali ya Olimpiki ya rangi yoyote kabla ya mchana huo. Miaka mitatu baadaye, Paris, alikimbia kwa kasi zaidi ya hapo, 8:53.34, na Yavi akamtangulia kwa nusu sekunde na kidogo.

Tororo walinijia. "Umeona, Mwalimu? Mlima." Nikawauliza: mlima ule uliota lini? Ulikuwapo wakati wa Judith Ayaa, aliyetoka kaskazini kusiko na mlima huo. Ulikuwapo 1984 na 1996, Wakenya walipokuwa wakijifunza mbio ndefu za wanawake na Pauline Konga akawapatia fedha ya Atlanta, huku Wasebei wa kike wakibeba kuni. Kilichoongezeka baadaye ni watu na pesa: wanaume wa Kapchorwa walioshinda na kurudi na makocha na mameneja, jeshi na polisi na magereza yaliyoajiri wakimbiaji wa kike na kuwalipa mshahara wa mwezi, na jina la mwanamke mmoja ambalo binti wa Bukwo aliweza kulitamka akiambiwa haiwezekani. Mwaka 2018, Gold Coast, Stella Chesang alishinda mita 10,000 za Jumuiya ya Madola na Mercyline Chelangat akawa wa tatu, Waganda wawili jukwaani. Tulichokikosa Tororo ni hivyo vilivyoongezeka, na hivyo havisubiri mwinuko.

Siku ile ile Chemutai aliposhinda, shule nyingi za Uganda zilikuwa zimefungwa. Zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kwa vipande, zikafungwa tena, na hazikurudi kamili hadi Januari 2022. Kwa msichana wa tambarare, asiye na kambi wala klabu, shule ndiyo kocha, ndiyo uwanja, ndiyo nauli. Nilikuwa nimeshastaafu, lakini wasichana wa shule niliyoiacha nilikuwa nikiwakuta Sofia, pale Busia, wakiuza nyanya na mitumba, baadhi na watoto mgongoni. Mmoja alikuwa na hatua nzuri kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Aliniamkia kwa adabu na kunipunguzia bei ya nyanya.

Limebaki jina moja, na ningependa lisiwe na sababu ya kuwa hapa.

Rebecca Cheptegei alizaliwa Februari 1991, naye wa Bukwo. Hakuwa nyota kama Chemutai. Alikuwa mkimbiaji wa kazi, wa aina ninayoiheshimu sana: askari wa jeshi la Uganda, mama wa watoto, anayepokea mshahara na kuuongezea zawadi za mbio za barabara. Alishinda marathon ya Padova, Italia. Novemba 2022, Chiang Mai, Thailand, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani za kupanda na kushuka. Mwezi uliofuata alikimbia marathon ya Abu Dhabi kwa saa 2 dakika 22 na sekunde 47. Budapest 2023 alikuwa wa 14 katika marathon ya dunia, na Agosti 2024, Paris, wa 44. Ukipanga matokeo hayo utaona mwanamke aliyekuwa akijenga kitu polepole, tofali juu ya tofali.

Na alijenga kweli. Alinunua shamba Endebess, Trans Nzoia, upande wa Kenya, karibu na njia za mazoezi, akaweka nyumba. Sisi wa mpakani hatushangai hilo: mtu wa Bukwo kununua Endebess ni kama mtu wa Busia kununua ng'ambo ya barabara. Tarehe 1 Septemba 2024, Jumapili, alipotoka kanisani na watoto, mwanaume aliyekuwa mwenzi wake alimmwagia petroli akamwasha moto. Watu wake walisema ugomvi ulikuwa juu ya shamba lile na nyumba ile. Alipelekwa Eldoret, Hospitali ya Rufaa ya Moi, akiwa ameungua zaidi ya robo tatu ya mwili, akafariki tarehe 5. Mwanaume yule naye aliungua akafa siku chache baadaye, kwa hiyo hakuna mahakama iliyowahi kusikiliza kesi. Tarehe 14 alizikwa Bukwo kwa heshima za kijeshi.

Alikuwa amefuata njia ya Agnes Tirop, mshindi wa shaba mbili za dunia za mita 10,000, aliyekutwa ameuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, na Damaris Mutua, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiiwakilisha Bahrain, aliyeuawa Iten Aprili 2022. Watatu kwa miaka mitatu, wote wakimbiaji wa masafa, wote ndani ya eneo ambalo basi la kutoka Malaba linalifikia kwa saa chache. Baada ya Tirop, wakimbiaji wenzake walianzisha Tirop's Angels kuwasaidia wanawake wanaopigwa na kunyang'anywa. Ni kazi njema. Ila mimi ni mwalimu wa msingi, na nimejifunza kuanza mapema kuliko hapo.

Kwetu binti akianza kushinda, watu watatu humfikia kabla ya pesa kumfikia: anayejiita kocha, anayejiita meneja, na anayejiita mchumba. Mara nyingi ni mtu mmoja mwenye majina matatu. Anamtafutia mashindano, anashika kadi ya benki, anasimamia ununuzi wa shamba kwa sababu "mwanamke hajui mambo ya ardhi," na hati inatoka na jina lake. Wazazi wanashukuru kwamba binti amepata mtu wa kumwangalia. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, nikanywa chai, na nikasema maneno yangu, wakanijibu kwamba mimi ni mwalimu, nisiharibu ndoa.

Kwa hiyo mzazi wa Busia, wa pande zote mbili, na wa Tororo, na wewe wa Bukwo unayepita hapa kwa basi: binti yako akikimbia, mwache aruke magogo, na tuchange nauli ya mashindano ya wilaya bila kuonyeshana mlima. Pesa yake ya kwanza ikiingia, iingie kwenye akaunti anayoisaini yeye. Shamba likinunuliwa, hati iandikwe jina lake peke yake, na wewe au kaka yake muwe mashahidi siku ya kutia sahihi.